Doa jeusi unyayoni: namna ya kulikagua mwenyewe

Kwenye kioo tunaangalia uso, nyayo nani anahangaika nazo? Na kwa sisi weusi ile kansa ya madoa, melanoma, ikitokea hupenda kukaa hukohuko, unyayoni, kiganjani au chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kucha ya kidole gumba cha mguu, ikagundulika 1977, 1981 akafariki ana miaka 36 tu.

Sasa oga, sugua miguu vizuri na jiwe, kaa dirishani mchana, taa za ndani zinadanganya. Kama ulipaka piko au hina subiri itoke kwanza, usije ukajitisha bure. Angalia kisigino na katikati ya vidole. Ukikuta doa weka sarafu pembeni upige picha, mwezi ukiisha piga nyingine palepale. Doa baya upande huu haufanani na ule, kingo zimekatikakatika kama ramani, rangi mchanganyiko, limepita milimita 6, ila kubwa zaidi ni kwamba linabadilika, na likishabadilika usisubiri picha ya tatu.

Kwenye kucha ndo watu wanachanganya. Ukijikwaa damu ikavilia, ule weusi unasogea mbele kucha ikikua na nyuma yake inatoka safi, japo kucha ya gumba la mguu inaweza kula mwaka mzima kuisha. Vimistari vyembamba kwenye kucha kadhaa, kwetu ni kawaida. Ila mstari mmoja unaozidi kupanuka, tena weusi umeshamwagikia kwenye ngozi inayozunguka kucha, kesho nenda hospitali.

(Vile vipele vidogo vyeusi vya mashavuni, kama vya bibi na shangazi zako, achana navyo, mnarithishana tu.)

Daktari wa ngozi ana kalenzi kenye taa, dermoskopu. Unyayo una vituta na vifereji kama shamba, rangi ikikaa kwenye vifereji kwa kawaida hana wasiwasi, ikipanda kwenye vituta lazima akate kinyama cha kupima. Mjomba wangu duka la dawa walimchoma "sugu" mara tatu, kila mara inarudi, na hakuna kilichopelekwa maabara hata siku moja, tukaja kujua ni nini mitoki imeshavimba. Kwa hiyo ukikatwa chochote muulize aliyekukata, kinaenda maabara gani na majibu nifuate lini.