Kukaza leithi ndogo ya chuma: geji kabla ya zege

Leithi ndogo, yaani mashine ya kukereza chuma, ya aina ya 7x12 au 7x14 (inchi 7 za kipenyo cha kazi kwa inchi 12 au 14 za urefu), ile inayokaa juu ya meza na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya volti 240, ina uzito wa takriban kilo 40. Alumini na brasi inazikubali bila ugomvi. Ukiifungia chuma na kutaka kutoa nusu milimita kwa mpigo mmoja, inaanza kuimba: kazi inatoka na mawimbi, kisu cha kukatia kinazama ghafla, na fundi anapunguza kina mpaka anabaki akikwangua badala ya kukereza. Lawama huangukia mota, kumbe tatizo ni viungo vinavyocheza na chuma chembamba kinachopinda.

Watu wengi huanza kwa kuijengea msingi wa zege. Zege hutuliza mtetemo, hilo ni kweli, lakini haliwezi kuzuia kereji (sehemu inayobeba kisu na kuteleza juu ya reli za leithi, yaani kitanda) isiinuke wala spindo (mhimili unaozungusha kazi) isicheze. Leithi iliyolegea juu ya kilo 60 za zege ni leithi iliyolegea vilevile. Panapocheza zaidi ndipo pa kuanzia, na mahali hapo hujulikana kwa kupima.

Pima kabla ya kununua chochote

Unahitaji dayo geji (saa ya kupimia yenye sindano) yenye alama za milimita 0.01, stendi yake ya sumaku, na mizani ya kuning'iniza ya kilo 20 kama ya wauza vyuma chakavu. Chomoa plagi. Funga kwenye chaki (kishikio cha kazi kilicho mbele ya spindo) kipande cha shafti cha milimita 25, kichomoze milimita 50 hivi.

Simamisha stendi juu ya kitanda, sindano iguse flenji ya spindo nyuma ya chaki, kisha vuta ile shafti kwenda juu kwa kilo 10 ukisoma mizani. Andika. Vuta tena kuelekea upande wako, andika. Hamishia sindano juu ya tulposti (nguzo inayoshika kisu), stendi ikibaki kitandani, uvute tulposti kwenda juu na kando. Maliza na telstoki (kichwa cha mwisho wa kitanda kinachoegemeza ncha ya kazi), pipa lake likiwa limetoka milimita 40.

Sasa angalia sindano unapoachilia mizani. Ikirudi sifuri, chuma kilipinda na kujirudi. Hapo utahitaji kipande kinene zaidi au kifupi zaidi. Isiporudi, kuna nafasi kati ya vipande viwili, na nafasi huzibwa kwa kurekebisha, mara nyingi bila kununua kitu. Kipimo hiki kinaokoa pesa kuliko kingine chochote kwenye kazi hii. Kwa leithi mpya ya bei nafuu, mara nyingi kereji ndiyo inayocheza kupita zote.

Kereji

Chini ya kitanda kereji inashikiliwa na vibamba viwili, kimoja mbele na kingine nyuma. Kila kibamba kina boliti za kukivuta juu na skrubu ndogo za kukisukuma chini, na fundi anatafuta nafasi kwa kuzishindanisha. Kibamba hivyo hakilali popote. Kinaning'inia kwenye ncha za skrubu, kinapinda kisu kinapobanwa na kazi, na baada ya wiki chache za mtetemo skrubu zinajifungua zenyewe. Dawa ni kibamba kinene kinacholala bapa juu ya shimu (bati jembamba la kujazia nafasi), boliti zikikazwa kabisa.

Malighafi nzuri na rahisi ni breki diski kuukuu ya gari dogo, ile iliyo kipande kimoja bila nafasi ya hewa katikati. Jijini Nairobi, kwa mafundi wa Barabara ya Kirinyaga na kwa wauza skrepu wa Gikomba hukosi. Ni chuma cha kusubu: kinakerezeka vizuri, kinatembea kwa upole juu ya kitanda, na hakijikunji baada ya kukatwa kama inavyofanya flati bari iliyovutwa ikiwa baridi. Kata vibamba viwili vya urefu ule ule wa vya zamani, unene wa milimita 8 au 9, baada ya kuhakikisha kwamba havitagonga skrubu ndefu ya kuendeshea kereji. Gundisha msasa namba 180 juu ya kioo kinene, chora mistari ya kalamu ya rangi kwenye uso wa kibamba, sugua mpaka mistari yote ifutike kwa pamoja, kisha malizia na namba 400.

Kabla ya kupima nafasi, lala chini uangalie kitanda kwa tochi. Upande wa chini wa vitanda vingi una rangi na vinundu vya kusubu. Kwangua rangi yote na kata vinundu kwa tupa laini, la sivyo utapima rangi.

Halafu bonyeza kibamba kwa vidole dhidi ya sehemu ya chini ya kitanda na ingiza fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi) kati ya kibamba na uso wa kereji. Tuseme umepata milimita 0.55. Shimu yako iwe 0.57, kwa sababu 0.02 inaachiwa oili. Rudia karibu na chaki, katikati, na karibu na telstoki, kisha utumie kipimo kikubwa kuliko vyote. Hapa ndipo watu hukosea: hupima karibu na chaki tu, ambako kitanda huwa kimelika, na kereji inakwama mara inapofika upande wa pili. Tofauti ikizidi 0.05 kati ya mwisho mmoja na mwingine, paka kibamba rangi ya alama, tembeza kereji, na upunguze kwa tupa pale kitanda kinapopakwa. Ni kazi ya jioni kadhaa na haitaki haraka.

Shimu hukatwa kutoka kwenye majani ya fila geji ya bei rahisi. Kopo la soda la alumini lina ukuta wa takriban milimita 0.1 na linafaa kwa kujaribia. Shimu ifunike uso wote wa kulalia, si washa ndogo kuzunguka boliti, na isizidi tabaka tatu, kwa kuwa tabaka nyingi hubonyea kama godoro. Ondoa kingo kali zilizoachwa na mkasi. Kingo hizo peke yake zinatosha kuharibu kipimo.

Krosi slaidi, ile sehemu iliyo juu ya kereji inayopeleka kisu kwa kukatiza kitanda, nayo ina gibu, kile kipande chembamba cha pembeni kinachosukumwa na skrubu tatu au nne. Kitoe ukiweke juu ya kioo. Mara nyingi utaona mwanga chini yake. Kisawazishe kwa msasa, au tengeneza kipya cha brasi kwa unene ule ule. Muhimu zaidi, tazama mahali ncha za skrubu zinapogusa. Zikigusa uso mtupu, gibu inapanda na kushuka kila unapogeuza mpini. Ikiwa mahali pake, pitisha drili ndogo kwenye matundu ya skrubu na utoboe vishimo vya nusu milimita, ncha zipate pa kukaa. Kaza kuanzia skrubu ya katikati.

Kompaundi itoke

Kompaundi ni ghorofa ya ziada kati ya kisu na kitanda: gibu nyingine, boliti mbili za kuzungukia, na chuma chembamba kuzunguka mfereji wake. Kwa kazi nyingi za kila siku haihitajiki. Pima urefu kutoka juu ya krosi slaidi hadi chini ya tulposti, kisha weka badala yake bonge moja la chuma lenye urefu huo huo, upana kama wa krosi slaidi, likishikwa na boliti nne za M6 au M8 kadiri nafasi inavyoruhusu. Uso wa chini wa bonge usugue kwenye kioo kama ulivyofanya na vibamba, na katikati yake punguza kidogo ili lilale kwa pembe nne badala ya kuyumba juu ya kitovu.

Gharama yake iko wazi. Huwezi tena kukereza tepa fupi (umbo linalochongoka) kwa kugeuza kompaundi, na nyuzi za skrubu utazikata kwa kuingiza kisu moja kwa moja, jambo ambalo kwa nyuzi zilizoachana hadi milimita 1.5 halina shida. Kompaundi itunze rafuni. Kurudisha ni dakika kumi.

Beringi za spindo

Usiziguse kabla kereji haijatulia, na kama kipimo cha spindo hakizidi 0.02 kwa kilo 10, ziache kabisa. Kazi hii inataka kufungua mashine nzima.

Leithi nyingi za ukubwa huu zina beringi mbili za 6206, za gololi za kawaida, lakini soma namba kwenye yako. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni 7206, beringi za gololi za pembe: vipimo vyake ni 30 x 62 x 16, sawasawa na 6206, kwa hiyo zinaingia bila kubadilisha kitu. Ya pili ni 30206, za rola za tepa: zina nguvu zaidi, ila unene wake ukikusanywa ni 17.25. Hiyo 1.25 ya kila upande inasukuma spindo mbele na kula nyuzi za nati nyuma, na spesa ya nyuma (pete ya kujazia urefu) lazima ipunguzwe karibu milimita 2.5. Spesa hiyo ikerezwe kabla hujaifungua leithi, kwa sababu ukishaifungua huna tena mashine ya kuikereza na itakubidi uipeleke kwa fundi wa Kariobangi. Kwa wasomaji wengi ushauri wetu ni 7206. Nenda na beringi ya zamani mkononi, Kirinyaga au Industrial Area, na uizungushe mpya sikioni: ikikwaruza, irudishe kaunta.

Usiitoe spindo kwa nyundo. Pitisha fimbo ya nyuzi ya M12 ndani ya tundu la spindo, weka bomba na kibamba upande wa mbele, na uivute polepole kwa nati. Piga picha mpangilio wa gia na spesa. Unaporudisha, laza spindo kwenye friza usiku kucha na upashe joto hedstoki (kichwa kinachobeba spindo). Nguvu ipite kwenye ringi inayobana tu: ukisukuma ringi ya nje kupitia ya ndani, gololi zinaacha alama na beringi mpya inakuwa mbovu siku ile ile. Upande mnene wa ringi ya nje, kwa beringi za aina zote mbili, uelekee ndani ya hedstoki.

Kaza nati ya nyuma mpaka geji isione mwendo wa mbele na nyuma. Washa nusu saa kwa mwendo wa kati, kisha gusa hedstoki. Ikiwa ya uvuguvugu tu, kaza nati zaidi kwa nyuzi tano za mzunguko na urudie. Lengo ni joto ambalo mkono unavumilia bila kuondoka. Ukishindwa kuuacha mkono hapo, umekaza kupita kiasi. Legeza mara moja. 30206 haina kifuniko, wala 7206 nyingi, hivyo zijaze grisi ya lithiamu theluthi moja na uzikatie ngao ya bati kuzuia vumbi la chuma.

Sasa zege

Bamba la sentimita 80 kwa 30 kwa 10 lina kilo 60 hivi. Linahitaji saruji kilo 10, mchanga 15, kokoto ndogo 30 na maji lita 5, pamoja na nondo za milimita 8. Zika humo kibamba cha chuma cha milimita 12 chenye nyuzi za kushikia leithi. Lifunike kwa gunia lililoloa siku saba, na usifunge mashine kabla ya siku 28, kwa kuwa zege hujikunja linapokauka.

Boliti za miguu zikazwe moja moja, sindano ya geji ikiwa juu ya kitanda. Ikisogea zaidi ya 0.01, weka shimu chini ya mguu huo, kwani ukikaza hivyo hivyo unakisokota kitanda. Thibitisha kwa kukereza shafti ya milimita 25 iliyochomoza milimita 100 bila telstoki: vipimo vya ncha mbili visitofautiane zaidi ya 0.02.

Kisu na telstoki

Kisu kikichomoza mara mbili zaidi, kinapinda mara nane zaidi. Kwa hiyo kisitoke zaidi ya unene wake mara moja na nusu. Tumia haispidi (chuma kigumu cha visu) iliyonolewa vizuri au vipande vikali vya kabaidi vya aina ya CCGT, kwani kabaidi butu husukuma kazi badala ya kuikata. Telstoki huhitaji tu kibamba kinene cha chini, milimita 15, badala ya kile kinachopinda ukikaza nati.

Baada ya hapo chuma laini kitakubali milimita moja ya kina bila kuimba. Ukitaka zaidi, mota ya wati 350 au 550 ndiyo itakayokataa kwanza. Nati ya spindo na boliti za kereji zikaguliwe tena baada ya saa kumi za kazi.