Somo: Kupanga bidhaa mpya kwa awamu, mfano siagi ya karanga

Habari zenu wajasiriamali wenzangu. Wengi mmeniuliza mtu ataanzishaje bidhaa mpya bila mtaji kukata kabla hajauza hata chupa moja. Nitaeleza kwa siagi ya karanga, maana ndiyo niliyoanza nayo mwenyewe.

Kazi igawanywe kwa awamu, na kati ya awamu na awamu pawe na lango. Utaratibu huu ulienezwa na Robert Cooper, profesa wa Kanada, tangu miaka ya 1980, na viwanda vikubwa vinautumia hadi leo. Langoni kuna majibu matatu: endelea, rudi urekebishe, au acha. Masharti ya lango yaandikwe kabla awamu haijaanza. Ukishatumia laki tatu, moyo haukubali tena kuacha, kwa hiyo daftari ndilo likuamulie.

Awamu ya 1: Wazo. Siku tatu zinatosha. Zunguka madukani, angalia chupa zilizopo, uzito wake na bei. Chupa yenye vumbi haitoki. Lango: taja mnunuzi wako ni nani, na kwa nini aache anayoinunua sasa. Ukijibu "kila mtu", rudi dukani.

Awamu ya 2: Hesabu. Kilo 10 za karanga zilizomenywa, nikishakaanga, kupepeta maganda na kusaga, hunipa kama kilo 8 na nusu, yaani chupa 21 za gramu 400. Tuchukulie karanga ni sh 45,000, chupa na vifuniko 18,900, lebo 4,200, gesi na kusaga 12,000, usafiri 8,000. Jumla 88,100, karibu sh 4,200 kwa chupa, na hapo hujajilipa wewe wala mwenye duka hajaweka faida yake. Bei ya rafuni ikipita ile ambayo mnunuzi wako amezoea kulipa, lango limefungwa. Badilisha ukubwa wa chupa au tafuta karanga shambani wakati wa mavuno.

Awamu ya 3: Sampuli. Hapa msiwe na haraka. Tengeneza chupa chache, andika kila kitu: dakika za kukaanga, kiasi cha chumvi, umesaga mara ngapi. Ziache rafuni kwenye joto la kawaida, nyingine dirishani, ufungue moja kila wiki. Sampuli yangu ya kwanza ilikuwa laini na tamu, lakini wiki ya pili mafuta yalielea juu kimo cha kidole na chini pakawa pagumu, kijiko kinapinda. Mafuta kujitenga hakudhuru mlaji, ila mteja akiona hivyo anadhani imeharibika. Nilisaga mara ya pili, nikaandika "koroga kabla ya kutumia". Uchungu nilikuwa nao ni kwamba lebo 1,000 zilikuwa zimeshachapwa bila maneno hayo. Nilikuwa nimeruka lango.

Jambo la kufa na kupona ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga. Kukaanga kwa kawaida hakuimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kupitia mahindi. Chambua punje kwa mkono, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha peleka sampuli maabara. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu zisizozidi 10 kwa kilo, na aina yake iitwayo B1 isizidi 5. Majibu yakizidi hapo, mzigo wote usiliwe na mtu wala mfugo.

Awamu ya 4: Vibali. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, kisha TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wanaosajili pia vyakula na majengo yake. Eneo la kazi litakaguliwa, kwa hiyo liandaliwe mapema.

Awamu ya 5: Soko dogo. Maduka matano tu, na urudi kila wiki kuhesabu zilizobaki. Duka likiagiza tena bila kubembelezwa, hapo ndipo ununue mashine kubwa.

Maswali ya wanachama

*Dada, lebo nichape lini?*
Mwisho wa awamu ya 3, mapishi yakishatulia, na chache kwanza. Iwe na jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, anwani yako, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Neno "karanga" lionekane wazi, kuna watu zinawadhuru vibaya.

*Tarehe ya mwisho wa matumizi naipataje? Mwenzangu ameniambia niandike tu mwaka mmoja.*
Usiandike tu, ndugu yangu. Zile chupa za rafuni ndizo zitakazokujibu. Siku utakaposikia harufu ya mafuta yaliyochacha, hesabu umri wa chupa hiyo, urudi nyuma wiki kadhaa. Joto, mwanga na hewa ndivyo vinavyoharakisha, kwa hiyo ukibadilisha chupa, pima upya.

*Tuko kikundi cha akina mama wanane. Nani aamue langoni?*
Wawili kati yenu wasiokuwa jikoni awamu hiyo, na mweka hazina awepo na daftari. Aliyepika anaeleza, halafu anatoka nje wenzake waonje.