Jogoo wa kishingo: mkague mbele ya shingo kabla hujalipa

Wafugaji wenzangu wa Mtwara, ukienda kununua jogoo wa kishingo, yaani wa aina isiyoota manyoya shingoni au inayoota machache tu, mshike kwanza, umtazame shingo upande wa mbele, juu kidogo ya gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Ukikuta kishada cha manyoya, huyo ana jeni (chembe ya urithi) moja tu ya kishingo. Ya pili ni ya shingo ya kawaida, imefunikwa. Shingo ikiwa tupu, au ina vinyoya vya kuhesabu, anazo zote mbili. Huyo ndiye wa kununua: hata ukimpandishia matetea ya kawaida, vifaranga vyote vitatoka vishingo. Mwenye kishada, kwa matetea hayohayo, anakupa kama nusu tu.

Mimi nilibeba wa kishada kutoka Masasi, nikampa tetea wa kishada. Kati ya vifaranga wanane, wawili wakaota manyoya shingo nzima. Mke wangu akasingizia jogoo wa jirani, maskini! Kumbe wale wamepokea jeni iliyojificha kwa baba na kwa mama. Ukiwapandisha wao kwa wao, kishingo hupati tena.

Na kwa joto letu la Novemba, manyoya machache ni nafuu kwa kuku. Hata kumnyonyoa ni dakika chache.