Kabla hujachagua cha kutandika, angalia kwanza sakafu yenyewe ikoje

Watu wengi wakitaka kubadilisha sakafu wanaanza na rangi, wanaona picha kwenye simu wanakipenda kigae fulani cheupe kinachong'aa wananunua, alafu fundi anakuja kufunga ndio inagundulika chini kuna unyevu au katikati ya chumba pamebonyea na hela ishatoka. Mimi nasema anza chini kwanza, ujue sakafu uliyonayo inakubali nini, mambo ya rangi yatafuata.

Cha kwanza kabisa ni unyevu, na hapa naomba usiruke maana ndio unaoua sakafu nyingi kuliko kitu kingine chochote. Chukua kipande cha nailoni nzito inayoonyesha, kama sentimita 45 kwa 45, kibandike kwenye zege kwa selotepu pana pande zote nne pasibaki upenyo wa hewa, kiache mpaka kesho yake (kisipungue saa 16). Ukibandua ukakuta matone kwa ndani au zege limekolea rangi kuliko pembeni, ujue maji yanapanda kutoka chini. Rudia sehemu kadhaa hasa karibu na ukuta wa nje na ukuta wa bafu. Kama yapo tafuta yanakotoka kabla ya kupaka dawa yoyote, inaweza kuwa bomba linavuja, au maji ya mvua yanasimama kwenye msingi, au wakati wa kujenga hakuna aliyetandika nailoni chini ya zege.

Na kama nyumba ni mpya usidanganyike na zile siku 28, hizo ni za zege kupata nguvu, kukauka ni habari nyingine. Makadirio yanayotumika ni karibu mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwahiyo zege la sentimita 10 linaweza kuchukua miezi 4 hivi, sasa wewe ukiwahi kutandika laminati (zile mbao za kutengenezwa za kupachika) juu yake itavimba na sakafu ya kubandika kwa gundi itaachia tu.

Ukimaliza hapo angalia usawa. Tafuta rula ndefu ya alumini ya mita 2, ile ya mafundi plasta, ilaze sakafuni uizungushe huku na huku, ukiona mwanga unapita chini yake na nafasi inazidi milimita 3 basi pasawazishwe kwanza, palipoinuka pasagwe, palipobonyea pajazwe. Gonga gonga pia na mpini wa nyundo, sehemu inayolia tupu plasta yake imeachia, itolewe yote, usikubali kufunikiwa.

Sasa vigae. Kuna seramiki na kuna poseleni, tofauti kubwa ni maji, poseleni hainyonyi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake na ndio maana ni ngumu na inafaa hata nje. Vigae vya ukutani vinanyonya sana na ni laini, usivilaze chini hata kama rangi umeipenda. Njia rahisi ya kuvijua ni kukigeuza kigae udondoshe tone la maji mgongoni, likinyonywa haraka hicho si cha sehemu yenye maji. Kwa vile vilivyopakwa glezi (ule utando kama kioo juu ya kigae) kuna namba ya PEI kuanzia 1 mpaka 5 inayoonyesha uso unavumilia vipi kukwaruzwa, vyumba vya kawaida 3 inatosha, korido na jikoni chukua 4.

Bafuni tafadhali sana usiweke kinachong'aa kama kioo, watoto na wazee wataanguka. Kabla ya kununua lowesha kigae kimoja ukikanyage na mguu mtupu ujionee mwenyewe. Vidogo vidogo ndio vizuri zaidi bafuni kwa sababu vinafuata mteremko bila shida na ile mistari mingi ya grauti (kijazio cha kati ya vigae) inashika mguu, na mteremko wenyewe uwe sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji.

Hesabu ni urefu mara upana alafu unaongeza asilimia 10 ya vitakavyokatwa na kuvunjika, ukilaza kimshazari ongeza 15. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita za mraba 14, nunua 15.4. Kila boksi lina namba ya toleo, hakikisha zote zinafanana maana rangi ileile ya toleo jingine inaweza kupishana kidogo na ukishalaza inaonekana, na vinavyobaki vitunze, siku kimoja kikivunjika hutakipata tena.

Siku ya kufunga simama hapo uangalie. Gundi ipakwe sakafu nzima kwa mwiko wenye meno, fundi anayeweka madonge matano chini ya kigae na kukigandamiza mwambie aache, chini panabaki hewa na siku ukiangusha kitu kizito au ukisukuma kabati kinapasuka. Aache milimita 2 au 3 kati ya kigae na kigae, na pembeni mwa ukuta aache nafasi kidogo ambayo skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta) itaificha, kwa sababu sakafu inatanuka na kusinyaa. Vile virefu kama mbao vipishane kwa theluthi, wakipishanisha nusu kwa nusu ncha zinainuka. Grauti isubiri saa 24.

Kama bajeti haifiki kwenye vigae, sakafu ya saruji ikitengenezwa vizuri ni nzuri sana na mimi naiheshimu. Nyufa panua kidogo kwa patasi, toa vumbi lote, lowesha, jaza. Ukipiga niru mpya (saruji laini ya kumalizia juu) yenye oksaidi, yaani unga wa rangi, ifunike na uimwagie maji siku 7, ikikauka haraka inapasuka.

Kapeti ya plastiki ifungue ilale wazi usiku mzima ndio uikate, na usiweke juu yake mkeka wenye mpira chini, unaacha doa la njano lisilotoka. Laminati ikae ndani ya chumba chake saa 48 kabla ya kufungwa, acha milimita 8 mpaka 10 pembeni, na bafuni isiingie kabisa. Zulia la manyoya nalo liweke chumbani tu pasipo na unyevu, fupi ni rahisi kusafisha.

Jambo moja la hatari: vigae vya plastiki vya zamani, hasa vilivyowekwa kabla ya miaka ya 1980, vinaweza kuwa na asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba sana. Usivisage wala kuvikwangua, vumbi lake linaharibu mapafu, vipimwe kwanza au vifunikwe vilivyo.

Kwenye usafi, siki na ndimu visiguse marumaru wala terazo (saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe ikasuguliwa), asidi inakula lile jiwe na mng'ao unapotea, sabuni laini na maji vinatosha, na miguu ya viti na meza ibandike vipande vya kitambaa kizito.