Kabla hujalipia ukumbi: hafla ya kuchangia matibabu ya akili na uraibu

Kamati nyingi huanza na ukumbi, kwa kuwa ukumbi una tarehe na unadai malipo ya awali. Kwa hafla ya aina hii, anzeni kwenye kliniki. Nendeni mkaulize kinachokosekana, maana jibu huwa tofauti na maneno ya kwenye kadi za mwaliko.

Chukua methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini ili waiache. Kliniki ya kwanza Tanzania Bara ilianza Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Dawa ni bure. Ila kwa kawaida hunywewa papo hapo, mbele ya mhudumu, kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo. Kijana anayekaa mbali, ambaye bado hana kazi, anatakiwa awe na nauli ya kwenda na kurudi siku 30 kwa mwezi. Wengi hukatikia hapo. Kadi inayosema "changia dawa" basi inaomba fedha za kitu ambacho tayari kinatolewa, na nauli, kwa sababu haipendezi kwenye bango, inasahauliwa. Kwa wagonjwa wa akili mambo ni mengine: dawa ikiisha stoo ndugu huambiwa wakanunue nje, na aliyekuwa ametulia kwa sindano ya kila mwezi akiikosa, ugonjwa unaweza kurudi upya. Nyumba za upataji nafuu, ambazo mtaani tunaziita soba, nyingi zinaendeshwa kwa ada ya familia, na familia iliyokwisha kuuza nusu ya vitu vya ndani haina ada. Orodha ya mahitaji hayo muipate kwa maandishi, ikiwa na bei, kutoka kwa wanaotibu. Mgeni akiuliza elfu hamsini yake itafanya nini, mshehereshaji ajibu bila kupepesa macho.

Tarehe isiwachukulie muda mrefu. Oktoba 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani na Juni 26 ni siku ya kupiga vita dawa za kulevya. Zinavutia, lakini siku hizo daktari mnayemtaka azungumze na kiongozi mnayemtaka awe mgeni rasmi wote wako kwenye maadhimisho ya serikali. Sogezeni wiki moja, angalieni Ramadhani na Kwaresima, ulizieni mapema ofisi ya mkuu wa wilaya kuhusu kibali cha kuchangisha. Fedha ziingie kwenye akaunti ya taasisi. Namba ya simu ya katibu, hata awe mwaminifu namna gani, haifai.

Sasa pombe, ambayo kikao kizima kinaweza kuishia hapo. Kuna mjumbe atakayesema wazito hawatoi bila bia. Mimi nasema isiwepo kabisa, hata kwenye meza ya wadhamini. Angalieni harusi zetu: fedha nzito hukusanywa kwenye vikao, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, watu wakiwa na akili zao timamu. Kinachotolewa ukumbini baada ya chupa ya nne mara nyingi ni ahadi. Zaidi ya hapo, miongoni mwa wageni wenu watakuwepo watu walioacha, na si wote mnaowajua. Yuko bwana wa suti kwenye meza ya mbele ambaye hajawahi kumwambia mtu. Kwa hiyo juisi ziwekwe kwenye glasi za kawaida, zisiletwe kwenye glasi za mvinyo zenye mapambo, maana wapo ambao glasi peke yake inatosha kuwaamshia hamu. Mpishi naye aulizwe kama nyama au mchuzi umetiwa mvinyo. Kuna dawa ya kusaidia kuacha pombe, disulfiramu, ambayo anayeitumia akigusa hata kiasi kidogo cha pombe kwenye chakula anaweza kuwaka uso, kutapika na moyo kumwenda mbio. Fedha za kiwanda cha bia au kampuni ya kubeti zitakuja kubisha hodi. Amueni kwenye kikao cha kwanza, kabla hundi haijafika mezani.

Jambo la pili la kulizungumza kwa kirefu ni ushuhuda. Kila kamati inamtaka mtu apande jukwaani aseme alivyolala jalalani, mama yake alivyolia, leo amepona. Ukumbi hulia na fedha hutoka. Kesho yake video iko kwenye magrupu ya WhatsApp, na mwenye nyumba anaijua historia ya mpangaji wake. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zinahitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika. Ila hata karatasi ikisainiwa, mtu anayetegemea kliniki yenu atakataaje ombi la kliniki yenu? Aliye katika miezi ya mwanzo ya matibabu asiombwe kabisa. Aliyekaa miaka na anataka mwenyewe, apewe nafasi ya kuzungumzia anavyoishi sasa, na ajue anaweza kughairi hata jioni ileile bila kuulizwa sababu. Daktari au muuguzi anaweza kueleza arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa za kulevya, bila kumtaja mtu. Mshehereshaji apewe mapema maneno ya kuyaacha nyumbani: teja, chizi, mwehu. Wengine huyatupia kama utani bila kufikiri.

Kama wagonjwa watahudhuria, ratiba iwafuate wao. Baadhi ya dawa za usiku zinaleta usingizi mzito, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu inatosha. Msimsafirishe anayetumia methadoni kwenda hafla ya mkoa mwingine bila kliniki yake kumpangia atakunywea wapi, kwani akikosa siku kadhaa mwili hupoteza uzoefu wa dawa na dozi ileile ya zamani inaweza kuwa hatari kwake. Ukumbini pawe na chumba cha pembeni chenye viti, maji na muuguzi anayejulikana.

Mwisho, ahadi. Matibabu haya ni ya miezi na miaka, kwa hiyo ni heri mtu wa elfu ishirini kila mwezi kwa mwaka kuliko aliyetangaza milioni kwa kipaza sauti. Mezani pawe na fomu fupi: jina, kiasi, tarehe ya kulipa, njia ya kulipa. Anayelipa hapohapo apewe risiti hapohapo. Matumizi ya hafla yenyewe yatajwe kwenye taarifa pamoja na makusanyo, gharama ya mapambo ikiwemo. Wanaochelewa kutimiza ahadi wapigiwe simu na yule aliyewaalika, kwa sababu simu ya mhazini watu wameshajifunza kutoipokea.