Namna ya Kusoma Nyota za Wahakiki wa Filamu za Kihindi

Kabla hujahesabu nyota, angalia nani amezitoa. Filamu ya Kihindi hupimwa kwa mizani mitatu: mhakiki hupima kazi yenyewe, mtazamaji hupima raha aliyoipata, na mchambuzi wa soko hupima fedha. Filamu moja inaweza kupewa nyota 2 kati ya 5 na mhakiki, 7 kati ya 10 na watazamaji, na sokoni ikaitwa superhit, na wote watatu wakawa wamesema kweli.

Kwanza hakikisha unasoma kuhusu filamu unayoitaka. Devdas ya 1955 si ile ya 2002, na Don ya Amitabh Bachchan ya 1978 si ya Shah Rukh Khan ya 2006, kwa hiyo tafuta jina pamoja na mwaka. Angalia na lugha. RRR ya 2022 ni ya Kitelugu. Ukiitazama kwa sauti za Kihindi, huenda mhakiki amesifu mazungumzo ambayo hukuyasikia. Herufi U, UA na A hazihusiani na ubora hata kidogo. Hizo ni za cheti cha bodi ya ukaguzi ya India, na zinahusu umri wa mtazamaji. Tangu 2024 UA imegawanywa kuwa 7+, 13+ na 16+.

Sasa mtafute mhakiki wako. Kazi hii huchukua jioni moja na hulipa kwa miaka. Chagua filamu 5 unazozijua vizuri: 2 ulizozipenda, 2 zilizokuchosha na 1 ya katikati. Zipe alama zako kati ya 5, uziandike kabla ya kusoma za mwingine, maana ukisoma kwanza utavutwa. Kisha soma mhakiki mmoja kuhusu filamu hizohizo, tuseme Shubhra Gupta wa Indian Express au Sukanya Verma wa Rediff, uone tofauti. Usihangaike kumpata anayekubaliana nawe. Anayekuwa chini yako kwa nyota 1 kila mara anakufaa sana: ongeza 1 na umepata jibu. Asiyefaa ni yule ambaye kwa filamu hii yuko juu yako kwa 2 na kwa inayofuata yuko chini kwa 2.

Ukishampata, soma maneno yake kuliko nyota zake. Wahakiki wa India huizungumzia filamu kwa nusu mbili, kabla na baada ya intavali, yaani mapumziko ya katikati, na lawama nyingi huangukia nusu ya pili. Hapo ndipo pa kusoma kwa makini. Angalia pia amepunguza nyota kwa kosa gani. Kama ni kwa sababu ya nyimbo 6, urefu wa saa 3 na steringi anayepiga watu 20 peke yake, na wewe unavipenda hivyo, irudishie filamu nyota zake.

Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tahakiki, hupotosha wengi. Inaonyesha ni wahakiki wangapi wameikubali filamu. Haionyeshi wameipenda kiasi gani. Wahakiki 10 wakisema kila mmoja "inatazamika" kwa nyota 3, filamu inaweza kuonyesha 100%. Filamu nyingi za Kihindi zina tahakiki chache pale, kwa hiyo tazama idadi kwanza. Zikiwa 6 au 7, mtu mmoja tu anaibadilisha asilimia kwa zaidi ya 10.

IMDb, tovuti ambako watazamaji huzipigia filamu kura kati ya 1 na 10, ina tatizo jingine, nalo ni vita vya mashabiki na siasa. Sadak 2 ya 2020 iliporomoshwa hadi chini ya 2, na mwaka 2022 IMDb iliweka ilani ya upigaji kura usio wa kawaida kwenye The Kashmir Files na kubadili namna ya kukokotoa alama yake. Bofya alama uone mgawanyo wa kura. Kura zikijaa kwenye 10 na kwenye 1, katikati pakiwa patupu, usiitumie alama hiyo.

Nyota 5 zinazozagaa mitandaoni kabla ya filamu kutoka Ijumaa, kutoka kwa mtu anayedai ameiona mapema huko Ghuba, ziache.

Kuhusu soko, crore 1 ni rupia milioni 10, na "hit" hutegemea gharama: crore 100 ni ushindi kwa filamu ndogo, lakini kwa kubwa ni hasara. Linganisha mapato ya Jumatatu na ya Ijumaa. Yakishuka zaidi ya nusu, ujue waliotoka ukumbini hawakuisifia kwa wenzao.

Kwa filamu ya zamani, soma tahakiki mbili: ya wiki ilipotoka, na nyingine ya angalau miaka 10 baadaye. Sholay ilipotoka 1975 wahakiki kadhaa waliiponda, kisha ikaonyeshwa miaka 5 mfululizo katika ukumbi wa Minerva, Mumbai.