SOMO: Kuzilaza diski za bwawa la mergerfs, na kwa nini zako zinaamka kila mara

Wakuu, swali la "diski zangu hazilali" (yaani mota haisimami hata zikiwa hazina kazi) linarudi kila wiki na jibu ni lilelile. Naweka yote hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitampa linki ya somo hili, basi.

Mazingira: seva ya nyumbani yenye Debian, diski nne za SATA za inchi 3.5 zenye ext4 (/mnt/d1 hadi /mnt/d4), zimeunganishwa kwa programu ya mergerfs zikaonekana kama folda moja, /mnt/bwawa. Programu ya SnapRAID ndiyo inayolinda data. Mwenye ZFS (mfumo mwingine wa faili) asianze hatua yoyote kabla ya kusoma maswali huko chini.

Faida ni hii: diski ya aina hiyo ikizunguka bila kazi hula kama wati 5, ikilala haifiki wati 1. Nne zikizunguka mwezi mzima ni uniti 14.4 za LUKU. Zikilala saa 18 kwa siku unaokoa kama uniti 8.6, na UPS inavuta muda mrefu zaidi umeme ukikatika.

1. Sakinisha vifaa: apt install hdparm smartmontools fatrace hd-idle

2. Tumia majina ya /dev/disk/by-id/ata-..., usitumie /dev/sda. Herufi hubadilika mashine ikiwashwa upya, utajikuta unalaza diski ya mfumo.

3. Kwenye /etc/fstab weka noatime kwa kila diski. Bila hiyo, hata faili lililosomwa kutoka kwenye kache linaweza kuandikiwa muda wa kusomwa, na diski ikaamshwa kwa ajili ya hilo tu.

4. Muda wa kulala. Hapa tulia, maana hapa ndipo wengi tumeungua, mwandishi akiwemo. Amri ya kupanga muda ni hdparm -S, na namba yake SI DAKIKA. Kuanzia 1 hadi 240, kila moja ni sekunde 5. Kuanzia 241 hadi 251, kila moja ni nusu saa: 241 ni nusu saa, 242 ni saa nzima. 0 inazima kipima muda kabisa. Kwa hiyo anayeandika -S 20 akidhani ni dakika 20 amepanga sekunde 100, na diski yake itakuwa inalala na kuamka kutwa nzima. Kila kuamka mota inavuta kama ampea 2 kwenye waya wa volti 12, na vichwa vinapaki na kutoka upya. Watengenezaji huzipa diski za kawaida mizunguko 300,000 ya kupaki vichwa, na zile za NAS (seva za kuhifadhi faili) 600,000. Ikipanda mizunguko 100 kwa saa, 300,000 inaisha ndani ya siku 125. Angalia namba ya 193 (Load_Cycle_Count) na ya 4 (Start_Stop_Count) kwa smartctl -A leo, kisha kesho saa ileile.

Mimi naweka 240, yaani dakika 20, na sababu ni smartd, programu inayofuatilia afya ya diski. Yeye hukagua diski kila sekunde 1800. Diski nyingine huhesabu swali lake kama kazi na kuanza kuhesabu muda upya. Ukiweka saa moja na smartd anapita kila nusu saa, diski kama hiyo hailali milele. Ama muda uwe mfupi kuliko mzunguko wa smartd, ama umrefushe smartd kwa --interval=7200.

ONYO: usicheze na -B ya hdparm (APM, yaani kiwango cha kubana umeme) bila kujua. 1 hadi 127 inaruhusu diski kulala, 128 hadi 254 hairuhusu, 255 inazima APM kwa diski zinazokubali. Namba ndogo hufanya vichwa vipaki ovyo. Anza na 127, kagua ile 193 baada ya siku moja. Ikikimbia, rudisha 254 na umwachie hd-idle kazi ya kulaza.

ONYO la pili: -S ya kwenye terminali hupotea umeme ukikatika. Iandike kwenye /etc/hdparm.conf:

/dev/disk/by-id/ata-JINA_LA_DISKI {
  spindown_time = 240
  apm = 127
}

5. Kwenye /etc/smartd.conf, mstari wa DEVICESCAN uwe na -n standby,q ili asiamshe iliyolala. Debian huja na -n standby tayari. Wengi huifuta wanaponakili faili za watu.

6. Mtafute anayeamsha. Ingia /mnt/d1, endesha fatrace -c, subiri. Ukiona jina la mergerfs pekee usishangae, yeye ni tarishi tu. Rudia amri hiyo ndani ya /mnt/bwawa ndipo umwone mtumaji. Washukiwa wa kawaida: updatedb inayoorodhesha faili (ongeza /mnt kwenye PRUNEPATHS ya /etc/updatedb.conf), hifadhidata ya Jellyfin (seva ya sinema) iliyowekwa bwawani badala ya SSD, na kontena za Docker zinazoandika logi humo. Anayesambaza torenti kutoka bwawani asahau somo hili.

7. Sera ya mergerfs ya kuandika: category.create=epmfs. Hii hubakiza faili jipya kwenye diski ambayo tayari ina folda husika. Kwa mfs, kila faili huenda penye nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo albamu moja inaweza kutawanyika diski nne, na kuisikiliza ni kuamsha zote nne.

8. SnapRAID: sync mara moja usiku, skripti imalizie na snapraid down ili kuzilaza.

9. Hakiki kwa hdparm -C, ambayo haiamshi diski. Unataka kuona "standby". smartctl -A bila -n standby inaweza kuiamsha, halafu unakuja hapa kulalamika kwamba haijalala.

MASWALI

Chatu_Mweusi: Mkuu mbona kwangu haifanyi kazi?

Jibu: Nini hakifanyi kazi? Diski gani, umeweka namba gani, hdparm -C inasema nini?

Chatu_Mweusi: Nimeweka -S 30 ilale baada ya nusu saa, lakini inalala na kuamka kila dakika chache.

Jibu: Hatua ya 4. 30 mara 5 ni sekunde 150. Kuna aya nzima pale, imeandikwa kwa herufi kubwa.

binti_wa_kaunta: Samahani kaka, nina ZFS ya raidz1 yenye diski nne. Kwa nini ulisema tusubiri? Kuna ubaya gani?

Jibu: Swali zuri, dada. Kwenye mergerfs faili zima liko diski moja, zingine ziendelee kulala. Kwenye raidz vipande vya faili vimegawanywa, kwa hiyo kusoma picha moja huamsha karibu bwawa zima. Pia ZFS hukusanya maandishi na kuyamwaga kila baada ya sekunde 5 kwa kawaida, hivyo programu moja inayoandika logi inatosha kuziweka macho zote. Ukiwa na TrueNAS (mfumo wa seva unaotumia ZFS), hamishia "system dataset" kwenye bwawa la SSD kwanza. Na kumbuka zote zitaamka pamoja: diski nne mara wati 24 ni wati 96 kwenye waya wa volti 12 kwa sekunde kadhaa. Pawa saplai dhaifu itaonyesha rangi yake hapo. RAID 5 ya mdadm (RAID ya Linux yenyewe) ina tabia karibu hiyohiyo.

Kidau: Diski yangu iko kwenye kasha la USB, inapuuza -S.

Jibu: Chipu ya kasha haipitishi amri. Tumia hd-idle, yeye husoma /proc/diskstats na kutuma amri ya kulala mwenyewe. Kwenye /etc/default/hd-idle:

HD_IDLE_OPTS="-i 0 -a /dev/disk/by-id/usb-JINA -i 1200"

Hapa -i ni sekunde kweli, si za kuzidisha. Ile -i 0 ya mwanzo inaziacha diski zingine zote. Ikigoma, ongeza -c ata baada ya jina la diski.

fundi_mkongwe: Hizi ni hadithi. Diski hufa kwa kuwashwa na kuzimwa. Acha zizunguke.

Jibu: Mara 6 kwa siku ni 2,190 kwa mwaka. Linganisha na 300,000. Diski inayoguswa kila robo saa usiilaze, hilo tunakubaliana. Ya sinema za Jumamosi inazunguka kwa ajili ya nani?

Kidau: Imekubali kwa -c ata, asante. Ila kufungua sinema ya kwanza kunachukua kama sekunde 10.

Jibu: Ndiyo mota inaanza, haina dawa. Kama mnatazama saa 2 usiku, cron ya snapraid up saa 1:55 inaziamsha zote mapema. Kwenye crontab andika 55 19, si 55 1, msije mkaziamsha usiku wa manane.

binti_wa_kaunta: Nimeona la kuongeza. Nilikuwa na drivetemp (moduli ya kerneli ya kusoma joto la diski) kwa ajili ya feni, inasoma joto kila sekunde 10. Inaweza kuzuia?

Jibu: Inaweza. Nyaraka za kerneli zinasema kusoma joto hurudisha kipima muda nyuma kwa baadhi ya diski, na WD120EFAX imetajwa. Ikishalala, diski hiyo husomwa joto bila kuamka. Shida ni kufika huko. Ama punguza usomaji uwe mara chache kuliko muda wa -S, ama tumia hd-idle, maana maswali ya joto hayahesabiwi kwenye diskstats. Ukijaribu, tuwekee hapa namba 193 ya kabla na baada.